Maji ya Mtaro Kwenye Kidonda Changu

Mume wangu alichagua mahali pa kuzikia mguu wangu wa kushoto wakati mguu wenyewe bado ninao. Simlaumu. Mpasuaji alikuwa amekwisha sema utakatwa chini ya goti, na kwetu kiungo cha Mwislamu hakitupwi shimoni pamoja na takataka za hospitali. Hufungwa kitambaa cheupe, huzikwa. Basi akaenda makaburini Mitwero, akazungumza na mchimbaji, wakaelewana juu ya kipande cha ardhi pembeni ya kaburi la baba yake. Alirudi wodini kunieleza, ametulia, kama mtu aliyetoka kukagua kiwanja cha kujenga. Nikamwuliza kama pana kivuli. Akasema kipo, cha mkorosho. Nilicheka mpaka muuguzi akaja kuniangalia, na alipoondoka nikalia.

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye benchi la hospitali sasa hivi na kidonda kisichopona, ukijifanya unaangalia ukuta. Mimi si mtaalamu. Nilikuwa muuza korosho, na mambo ya kitabibu nitayasema kama nilivyoyaelewa mimi, nikikosea daktari wako atakusahihisha. Jina la hospitali niliyolazwa sitalitaja, maana waliokuwamo walifanya walichoweza, na mengine hayakuwa ya kuwaanika.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kimefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuja na malori yao mpaka vijijini, na kiwanda kilichokuwa kikituajiri sisi wanawake kubangua kilikuwa kimefunga milango. Hatukukaa kulia. Tulinunua korosho ghafi, tukazichoma nyuma ya nyumba, tukazibangua, tukaziuza kwa abiria wa mabasi pale njia panda ya Mingoyo. Mimi nilikuwa na mdomo, na mdomo ndio mtaji wa biashara ile. Dereva hajafunga breki vizuri, mimi nimeshafika dirishani.

Anayejua kuchoma korosho kienyeji anajua kwamba ganda lake lina mafuta makali. Karai likipata moto sawasawa, mafuta yanawaka, moto unaruka juu, moshi unachoma macho. Unatakiwa uzimwage chini haraka na kuzifukia mchanga. Siku hiyo nilikuwa na haraka, nikavuta karai kwa fimbo, jiwe moja la figa likateleza. Korosho zenye moto zilinimwagikia kuanzia chini ya goti hadi vidoleni. Mafuta yale hayachomi mara moja yakaacha. Yananata, yanaendelea.

Sasa nikueleze kosa letu, na ninaposema letu nina maana ya pwani nzima. Maduka ya dawa yalikuwa yameota kila kona, na dawa iliyojulikana na wote ilikuwa ile ya vidonge vya rangi mbili. Mgonjwa akitembelewa huletewa sukari. Mimi nililetewa rangi mbili. Jirani akija anazo kwenye kikaratasi, shangazi akija anazo kwenye ncha ya kanga. Wanafungua kidonge, wananinyunyizia unga wake kwenye kidonda kwa upendo kabisa, mmoja leo, mwingine keshokutwa. Kidonda kilifanya ukoko mzuri wa njano juu. Kila mtu alisema kimekauka. Chini ya ukoko kulikuwa na mambo mengine.

Mabibo yalipokwisha mikoroshoni, usaha wangu ulikuwa umegeuka kijani. Harufu yake ilikuwa tamu tamu, kama mabibo yaliyokaa kwenye ndoo mpaka yakachacha. Mpaka leo sipiti karibu na watu wanaokamua mabibo. Mume wangu, Baba Rehema, alihamia kulala sebuleni, akasema ni kwa sababu ya joto. Nikamwambia joto la chumbani linatoka mguuni kwangu basi. Binti yetu Rehema tulimpeleka kwa mama yangu Kiranjeranje, kwetu Kilwa nilikozaliwa. Alipanda gari akigeuka geuka kunitazama, nikampungia mkono huku nimekaa, maana kusimama kulikuwa kunanitoa machozi na sikutaka ayaone.

Mwili nao ulibadilika. Kanga niliyoizungusha mara moja kiunoni ikawa inazunguka mara mbili na bado inateleza. Kifundo cha mguu kiligoma kukunjika. Homa ilikuwa inakuja jioni na kuondoka asubuhi. Zahanati walinichoma sindano mpaka makalio yakawa magumu, kijani kikabaki pale pale.

Mvua kubwa zilipoanza nikapelekwa hospitali. Kwenye chumba cha kusubiri niligundua kwamba benchi linajaa mpaka pale utakapokaa wewe. Nilipokaa tu, wa kushoto akakumbuka ana jamaa nje, wa kulia akaenda kunywa maji. Nikabaki nimejinyoosha kama mke wa mkubwa. Ndipo akaja mwanamke mmoja wa Kimakonde kutoka kule juu kwenye tambarare, mkono wake umefungwa kitambaa. Alikuwa amemwagikiwa na uji wa moto akipika msibani. Akakaa karibu yangu kabisa, akafungua kifurushi, akanimegea muhogo wa kuchemsha. Nikamwuliza kama haoni harufu. Akasema anaiona vizuri sana, ila njaa anaiona zaidi. Jina lake Felista. Tulilazwa siku hiyo hiyo, vitanda vinafuatana.

Wodi ilikuwa na kawaida zake. Glavu na bendeji unanunua mwenyewe, chakula analeta ndugu. Asubuhi linapita beseni la kusafishia vidonda, na ukiyasikia magurudumu ya toroli lake unaanza kukaza meno. Waliniosha kwa siki, wakanipaka dawa ya zambarau, wakanikata nyama iliyokufa. Mwezi wa Ramadhani ulinikuta humo, sifungi, siswali, maana nilijiona mchafu wa kudumu. Dawa iliyoweza vidudu vya kijani haikuwapo stoo, na barabara ya Dar es Salaam ilikuwa imekatika kule Rufiji kwa maji. Mpasuaji aliyekuwa akija kwa zamu akafunua, akanusa, akagonga mfupa kwa kidole. Akasema nikichelewa uchafu utaingia kwenye damu. Atakapokuja tena, atakata. Ndiyo hapo mume wangu akaenda makaburini.

Pale hospitalini palikuwa na daktari ambaye watu walimwita Daktari Mrusi. Hakuwa Mrusi, alikuwa mtu wa bara kama wengine, ila alisomea Urusi na alikunywa chai bila sukari, jambo ambalo watu wa Lindi hawakumsamehe. Jioni moja akavuta kiti karibu na kitanda changu. Mume wangu alikuwapo, na mama mkwe wangu, Bi Somoe, alikuwa ameniletea uji. Daktari akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Mama akaitika marahaba bila kumtazama usoni.

Akasema ana jambo la kujaribu kabla mpasuaji hajarudi, na kwamba mganga mkuu amemruhusu. Kisha akaniambia, "Mama Rehema, hata vidudu vya kidonda chako vinaugua. Kuna virusi vidogo mno ambavyo kazi yake ni kuua vidudu tu. Mtu havimwezi."

Miaka ile ukitaja virusi watu walifikiria ugonjwa mmoja tu. Mume wangu alisimama kabisa. Daktari akalazimika kueleza upya, polepole, kwamba virusi ni jamii nyingi kama zilivyo jamii za samaki, na hivi ni vya kula vidudu. Kule alikosoma waliviweka kwenye chupa ndogo wakawatibu watu wenye vidonda na wenye kuhara damu. Yeye mwenyewe alirudi na kasha la chupa hizo, zikaisha, na nchi iliyokuwa ikizitengeneza ikagawanyika vipande vipande. Kwa hiyo ametengeneza za kwake.

Akatuonyesha chupa mbili za supu ya nyama. Ndani ya zote alipanda vidudu vya kijani kutoka mguuni kwangu. Moja ilikuwa imevurugika kama maji ya kuoshea mchele. Ya pili, aliyoitia dawa yake, ilikuwa angavu, unaona vidole vyake upande wa pili. Sikuhitaji elimu kuielewa ile. Nilizitazama zile chupa mbili nikasikia moyo unapiga kwa nguvu, kwa mara ya kwanza si kwa hofu.

Mume wangu akauliza kitu ambacho mimi nisingeuliza: dawa hiyo anaitoa wapi? Daktari hakuwa mwongo. Akasema vidudu vinapojaa, walaji wao nao hujaa, kwa hiyo aliwatafuta kwenye mtaro ulio nyuma ya wodi, panapopita maji ya kufulia mashuka na kuoshea vidonda. Ameyachuja kwa chujio ambalo kidudu hakipiti, kinapita kile kirusi peke yake.

Baba Rehema akasema hapana. Alisema kwa sauti ya chini, na mimi namjua, sauti hiyo ni mbaya kuliko ya kupayuka. Maji ya mtaro wa choo na damu ni najisi, na mke wake hatapakwa najisi kwenye mwili ambao kesho unaweza kuitwa na Mola wake. Afadhali mguu uende safi. Mimi nilikuwa nimelala katikati yao, mguu ni wangu, na nilijikuta natafuta la kusema silipati, mimi mwenye mdomo wa Mingoyo. Kwa sababu nami niliamini hivyo hivyo. Nilitaka mguu wangu, na niliogopa.

Lazima umjue mama mkwe wangu. Bi Somoe ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa wanawake Mitwero. Mtu mkali wa twahara, ukiingia na viatu chumbani mwake utafagia nyumba nzima. Mimi na yeye tulikuwa hatupatani sana. Aliwahi kusema nina sauti ya utingo. Nilijua atakuwa upande wa mwanawe. Akafunika bakuli la uji, akaliweka chini.

"Mimi naosha maiti tangu wewe hujazaliwa," akamwambia mwanawe. "Nimemwosha mwanamke aliyekatwa mguu. Mguu tuliuzika sisi, na mwenyewe akaufuata mvua hazijaisha. Najisi inaoshwa kwa maji, Hashimu. Mguu ukishaondoka, utaosha nini?"

Mume wangu akasema, "Lakini mama."

"Huyu sitaki kumwosha." Akamgeukia daktari. "Mpake, mwanangu. Kama kuna dhambi, andikisha jina langu."

Kesho yake Baba Rehema, ambaye hakupenda kushindwa na mama yake bila ushahidi, alikwenda kwa mwalimu wa madrasa. Alirudi amelegea. Mwalimu amesema penye dharura ya kuokoa kiungo hakuna ubishi, na zaidi ya hapo akauliza kwa nini mke wake haswali. Kidonda hakimzuii mtu kuswali. Apanguse juu ya bendeji kwa mkono uliolowa, inatosha. Miezi yote ile nilijitenga na Mungu kwa ajili ya usaha, na hakuna aliyenituma. Siku hiyo hiyo nikapangusa juu ya bendeji, nikaswali.

Dawa yenyewe haikuwa na shani. Maji yasiyo na rangi, yana harufu ya supu. Waliloweka shashi, wakanifunika, wakarudia kila asubuhi na jioni. Nilitegemea moto, au kuwashwa, au angalau ndoto mbaya. Hakuna. Niliona nimedanganywa, nikamwambia daktari hivyo. Akasema nisiangalie mguu, niangalie pua za watu.

Basi nikawa naangalia pua za watu. Na siku moja mume wangu alileta wali na samaki, akakaa pembeni ya kitanda changu, akala nami sahani moja, akanyonya na mifupa. Hakugeuza uso. Yeye mwenyewe hakujua amefanya nini. Mimi nilikuwa natazama tonge zake na machozi yanadondokea kwenye mchuzi, akaniuliza pilipili imezidi?

Harufu ndiyo iliyotangulia kuondoka, kisha kijani. Chini yake ikatokea nyama nyekundu, ya kutokwa damu ukiigusa, na daktari akafurahi kuona damu kama mtu aliyeona maji kisimani. Mpasuaji aliporudi akafunua, akanusa, akanusa tena. Akasema tusubiri. Neno hilo nilikuwa nimelichukia tangu kwenye benchi, siku hiyo nilitamani kulibusu.

Ila sijakwambia habari za Felista. Mkono wake uliingia hospitali ukiwa msafi, ukabakiza kidogo tu upone. Kisha nao ukawa kijani. Beseni lilikuwa moja, mikono iliyotusafisha ilikuwa ile ile, na kitanda changu kilikuwa cha kwanza. Hakuna aliyehitaji kunieleza kidudu kile kimetoka kwa nani. Aliyenimegea muhogo watu walipokimbia, nimemlipa ugonjwa. Nilimwambia hivyo, sikuweza kumtazama. Akasema yeye na mimi tumeshakula pamoja, basi na hili tutalila pamoja.

Daktari Mrusi akaja na chupa tupu na kuniomba majimaji yaliyokuwa yakitoka mguuni kwangu. Nilifikiri anatania. Akaeleza kwamba wale walaji, kila wakimla kidudu mmoja wanazaana humo humo, kwa hiyo kidonda changu sasa kina dawa nyingi kuliko mtaro, na ni dawa iliyokwisha kumjua adui yuleyule aliyehamia kwa Felista. Atayachuja, ampake. Akasema walimu wake wa zamani walikuwa na imani kwamba ugonjwa unavyoambukiza, kupona nako kunaambukiza: mtu wa kwanza kupona kijijini anawaachia wenzake walaji wa vidudu kwenye maji na kwenye udongo, bila mtu kujua.

Nikatoa mguu nikasema achukue wote kama anataka, lakini aurudishe.

Felista alipofunikwa shashi ya kwanza alicheka peke yake. "Mama Rehema, mimi Mkristo wa kule juu, leo nimepakwa usaha wa Kiislamu wa Kilwa. Padri nitamwambia nini?"

"Mwambie umechujwa," nikasema.

Mkono wake ulipona kabla ya mguu wangu. Aliondoka akiwa amebeba godoro lake kichwani na mkono ule ule ndio umelishikilia. Nililia tena, mwaka ule nililia sana, wala sioni aibu.

Sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Si kila mtu alipona. Kulikuwa na baba mmoja wodi ya wanaume aliyesikia habari zetu akaomba naye, lakini vidudu vya kidonda chake vilikuwa vya aina nyingine, na walaji wangu hawakuvigusa. Kila mmoja wao anamjua adui wake tu. Alipelekwa hospitali ya mbele kwa rufaa, na sijui alifikia wapi. Na mimi mwenyewe hawakuniponya peke yao. Daktari alisema wanapunguza jeshi, halafu askari wa damu yangu wanamalizia. Ndiyo maana alinilazimisha mayai na dagaa, nishibe niwe na askari. Mwishoni wakatoa ngozi ya paja wakaibandika kwenye muundi, na paja likauma kuliko mguu.

Na usije ukachota maji ya mtaro ukajimwagia. Nikisikia umefanya hivyo kwa sababu yangu nitakufuata ulipo. Wala usinyunyize unga wa vidonge. Nenda upimwe usaha, ujulikane ni kidudu gani, na dawa ukipewa uimalize.

Jambo moja alilolisema daktari yule nimelishika mpaka leo. Nilimwuliza kama wale walaji wataondoka mwilini mwangu. Akasema wa kidonda watapungua wakikosa chakula, lakini wengine wa jamii nyingi walikuwamo tumboni mwangu tangu utotoni na watabaki, na hata mbuzi na kuku wanao. Mwili wa mnyama hauna ulinzi wa damu peke yake. Una pia wapangaji, nao wanailinda nyumba kwa sababu wanaishi humo. Hivi karibuni mjukuu wangu alisoma kwenye simu akaniambia wataalamu wameona wanajishikiza hata kwenye ute wa puani na tumboni, wanamngoja mwizi mlangoni. Mimi sikushangaa. Niliyezoea kujiona peke yangu kitandani, ilinifariji kujua kwamba hata pale benchi lilipokimbiwa, sikuwa peke yangu.

Nilirudi Mitwero wakati wa baridi, natembea kwa gongo, ngozi ya mguu nyembamba, ya waridi, inang'aa. Rehema alirudishwa kutoka Kiranjeranje. Aliutazama mguu kwa muda, akauliza kama anaweza kuugusa, akaugusa kwa kidole kimoja. Hospitali walisema nisubiri mpaka bendeji ya mwisho itolewe ndipo niuloweshe, nikasubiri. Ikatolewa Alhamisi.

Ijumaa adhuhuri nilitoka uani kutawadha. Bi Somoe alinikuta natafuta pa kuegemeza gongo. Alichukua kata akainama kwenye mtungi, akanimiminia. Mikono, mdomo, pua, uso. Mikono mpaka viwikoni. Nikapangusa kichwa, masikio. Akamimina mguu wa kulia, nikauosha. Tukafika wa kushoto, na mimi kwa mazoea ya miezi yote nikalowesha kiganja ili nipanguse.

"Toa mkono," akasema.

Akamimina. Maji yalipita juu ya kovu, yakashuka kwenye kifundo, yakaingia katikati ya vidole, nikayasikia kuwa ni ya baridi. Nikamwomba aongeze.